Mzigo wa mwenzio kanda la usufi: kisa cha mhudumu wa watoto aliyeishiwa, Lamu

Kisa hiki hakimhusu mtu mmoja. Kimeshonwa kutokana na hali zinazojirudia kisiwani Amu, yaani Lamu, na visiwa vya jirani. Umri, mitaa na mpangilio wa siku vimegeuzwa ili asitambulike mtoto, mhudumu wala jamaa. Tumekiandika kwa wasimamizi wa wahudumu wa kujitolea wa ulinzi wa watoto, wale wanaopigiwa simu asubuhi na mtu waliyemtegemea miaka mingi akisema, "Mimi siwezi tena," wasijue waanzie wapi.

Siku tatu za Juni

Bi A ana miaka arubaini na tatu. Mtaani anaitwa "mama wa watoto", na huu ni mwaka wake wa sita katika kazi hii. Mshahara hana. Asubuhi anakaanga mahamri na viazi karai, akimaliza kuuza anashika daftari lake la kesi. Yuko chini ya shirika dogo la mtaani lenye wahudumu saba na msimamizi mmoja, linaloshirikiana na afisa wa watoto wa serikali.

Kusi ilikuwa imekaza simu ilipolia saa nne usiku kutoka kisiwa cha Pate. Mtoto wa kike wa miaka kumi alikuwa amenajisiwa alasiri ile na jamaa wa nyumba hiyo hiyo. Aliyepiga simu ni shangazi yake. Bi A alimwelekeza vizuri: mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Bahari usiku ule haikuvukika. Alfajiri alipanda boti kwenda kuwachukua mwenyewe, maana shangazi aliogopa kusafiri peke yake na watu wa nyumbani wamemtolea macho. Nauli ya kwenda na kurudi, ya watu watatu, ilitoka kwenye pesa za unga wa mahamri.

Adhuhuri walikuwa hospitalini. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, ambazo huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28, zilianzwa. Fomu ya huduma baada ya kubakwa ikajazwa, wakaenda polisi, wakapata nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3 ambayo daktari huandikia majeraha. Kwa upande wa mtoto, kazi ilifanywa sawasawa. Jambo moja ambalo Bi A alilirudia baadaye kila alipoulizwa habari za siku ile ni buibui. Mtoto alikuwa amefunikwa buibui la shangazi yake botini kwa ajili ya mawimbi, likaloa maji ya chumvi na kushika harufu ya petroli ya mashine. Alikataa kulivua. Aliingia nalo kwa daktari, akala nalo, na usiku akalala nalo limemkaukia mwilini.

Jioni hapakuwa na pahali pa kuwaweka. Bi A akawachukua nyumbani kwake, wakalala siku mbili.

Hapo ndipo kisa kilipoanza kumgeuka yeye. Malezi ya muda yana utaratibu wake chini ya Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022, na nyumba ya mhudumu si sehemu ya utaratibu huo. Lakini hata tukiacha sheria, Amu ni mji wa vichochoro. Kufika magharibi, jamaa za mtuhumiwa walikuwa wamejua mtoto yuko wapi. Wazee wawili wakaja wakaketi kwenye daka la Bi A kwa adabu zote, wakanywa maji, wakasema neno moja: sitara. Mtoto asitiriwe, mambo yamalizwe kinyumbani, jina la ukoo lisitembee Usita wa Mui, njia kuu ya mji.

Wiki kumi zilizofuata

Hakuna siku moja aliyoanguka. Aliisha kidogo kidogo.

Simu ilikuwa ndiyo ile ile ya biashara, ya watoto wake mwenyewe na ya kesi, nambari moja kwa yote. Kesi ikaahirishwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama mzazi wa mtoto, ambaye mumewe anavua kwenye jahazi la ndugu wa mtuhumiwa, akaanza kusema hajui kilichotokea. Jirani wa miaka ishirini akaacha kuitikia salamu. Binti yake Bi A akarudi kutoka madrasa analia, ameambiwa mamake "anauza siri za watu". Katika arusi ya Agosti aliketi kwenye jamvi peke yake, pembeni kukiwa na nafasi ya watu watatu.

Kisha mwili ukasema. Usingizi ukapungua hadi saa tatu au nne kwa usiku. Kichwa kizito tangu alfajiri. Akipita gatini harufu ya petroli ikimpata, moyo unamwenda mbio na viganja vinatoa jasho. Safari za Pate akawa anazikwepa kwa sababu ndogo ndogo. Alianza kusahau: tarehe mbili za kumtembelea mtoto mwingine zilimpita, na daftari lililokuwa safi likawa na kurasa tupu. Siku moja alimfokea msichana wa miaka kumi na minne aliyekuja na mtoto mgongoni, akamwambia, "Mlikuwa mkitafuta nini huko?" Msichana akaondoka. Bi A akaingia chooni akalia, na usiku ule ndio aliompigia msimamizi.

Msimamizi wa kwanza kukisikia kisa hiki atasema: huruma imemchosha, apumzike. Kuna ukweli ndani yake, lakini mambo matatu yamechanganyika na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni kuishiwa kwa sababu ya wingi wa kazi. Shirika la Afya Duniani linaiweka hali hii chini ya mambo ya kazini, halihesabu kuwa ugonjwa: nguvu zimekwisha, mtu ameikinai kazi na kuiona chungu, na utendaji umeshuka. Hutibika kwa kupunguza mzigo. La pili ni kiwewe cha kupokezwa, yaani kidonda cha mtoto kinachomwingia aliyekisikiliza au kukishuhudia. Harufu ya petroli na kuikwepa Pate ndiyo dalili zake. Hiki hakiondoki kwa kupunguza mzigo pekee. La tatu, ambalo wengi hulipita, ni jeraha la dhamira. Mtu amefanya lililo haki, kisha anaona mtoto anarudishwa karibu na nyumba ile, kesi inaahirishwa, na yeye ndiye anayetengwa. Uchungu wake unatoka kwenye swali: "Je, nilimsaidia au nilimharibia?" Kwa Bi A, kwa maoni yetu, hili la tatu ndilo lililokuwa kubwa, na ndilo ambalo hakuna aliyemuuliza.

Makosa mawili yaliyofanywa kwa nia njema

Siku ya pili yake msimamizi aliwakusanya wahudumu wote saba ofisini, akafunga mlango, akamtaka Bi A aeleze kisa chote tangu mwanzo "ili atue", kisha kila mmoja aseme kesi iliyomuumiza zaidi. Kikao kilichukua saa tatu. Wawili walilia. Kijana mmoja wa upande wa Mokowe, ambaye hata hakuwa na tatizo, alikesha siku mbili na kuanza kutafuna muguka, majani ya kuchangamsha, ili awe macho mchana.

Kikao cha aina hii, cha mara moja, cha kuwataka watu wasimulie tukio baya kwa undani muda mfupi baada ya kulipitia, hakipendekezwi na Shirika la Afya Duniani. Hakizuii kiwewe, na kwa baadhi ya watu huzidisha. Sababu si ngumu kuiona. Anayesimulia hurudishwa pale pale kabla moyo haujatulia, tena mbele ya watu. Wasiokuwapo wanabeba picha ambazo hawakuwa nazo. Kwa Lamu kuna zaidi ya hayo: kati ya wale saba, wawili walikuwa na udugu na ukoo wa mtuhumiwa, mmoja kwa damu na mmoja kwa ndoa. Dirisha la ofisi linafungukia kichochoro ambacho punda wawili hawapishani. Kabla ya isha maneno yaliyosemwa mle yalikuwa barazani. Siri ya mtoto ilivunjwa na wale wale walioapishwa kuilinda, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina msamaha kwa sababu ya nia njema.

Kosa la pili lilikuwa likizo ya wiki moja. Likizo ni nzuri kwa mtu anayeweza kuondoka. Bi A alipumzishwa ndani ya mtaa ule ule, mkononi ana simu ile ile, na kesi zake hazikupewa mtu. Alisikiliza simu za kesi hizo zikilia. Siku ya nne aliitoka nyumba kwenda kumwona mtoto mmoja kwa siri, kama mtu anayeiba. Aliporudi ofisini mzigo ulikuwa umeongezeka kwa wiki nzima. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwajiriwa siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huo huo nayo imeandikwa kwa ajili ya mwajiriwa. Wa kujitolea kwa kawaida yuko nje ya zote mbili. Asipoandikiwa na shirika lake haki ya kupumzika, haina mahali pengine ilipoandikwa.

Kilichopangwa kuanzia Septemba

Kazi ilianza na daftari. Msimamizi na Bi A walikaa asubuhi mbili wakapitia kesi zote zilizo wazi, wakakuta 31. Viwango vya kimataifa vya ulinzi wa mtoto katika dharura huweka kesi 25 kuwa kikomo kwa mhudumu anayefanya kazi hiyo kutwa na kulipwa. Huyu ni mama anayekaanga mahamri hadi saa nne asubuhi. Kila kesi iliulizwa maswali matatu: mtoto yuko hatarini leo? kuna hatua inayosubiriwa na nani? mara ya mwisho kuonwa ni lini? Kesi tisa zilikuwa zimekwisha zamani, watoto wako shule na hakuna hatari, ila hakuna aliyeandika kuwa zimefungwa. Zikafungwa baada ya ziara moja ya mwisho. Nane zikapewa wahudumu wengine. Zikabaki 14.

Kukabidhi kesi kuna namna yake, na hapa ndipo wengi huharibu. Ukimpa mwenzako karatasi tu, familia itaendelea kumpigia yule wa zamani. Kwa kila kesi kati ya zile nane, wote wawili walikwenda nyumbani pamoja. Bi A akasema kwa mdomo wake, mbele ya mtoto: "Kuanzia leo huyu ndiye wenu. Mimi sijakasirika wala sijakuacha." Mtoto aliyezoea kuachwa lazima alisikie hilo, la sivyo ataona ni yeye aliyekosa. Baada ya hapo Bi A hakupokea tena simu za kesi hizo. Ilimchoma. Mmoja wa watoto alimpigia mara sita kwa siku moja, naye akampa mwenzake simu ajibu, ameketi kando anasikia.

Kesi ya mtoto wa Pate ilikuwa miongoni mwa zile 14. Msimamizi alitaka kuiondoa kabisa, kwa kudhani inamtibu. Bi A alikataa, na alikuwa na haki: yeye ni shahidi, hatatoka kwenye kesi kwa sababu imeandikwa jina jingine. Walikubaliana kati. Ziara za Pate na mazungumzo na familia yakachukuliwa na mhudumu mwingine asiye na udugu nao. Bi A akabaki na mambo ya mahakamani tu.

Kisha simu. Kwa siku saba aliandika kila simu ya kazi iliyoingia na saa yake. Zaidi ya thuluthi moja zilikuja baada ya isha, na katika hizo za usiku za dharura ya kweli zilikuwa tatu. Nyingine zilikuwa za fomu za basari, vyeti vya kuzaliwa, tarehe za kesi, au mtu aliyeona taa yake mtandaoni inawaka. Shirika likanunua laini moja na simu ndogo ya vibonye. Simu hiyo inatembea kwa zamu ya wiki, Jumatatu saa tatu asubuhi hadi Jumatatu nyingine, kwa wahudumu wawili wawili ili mmoja akiugua mwingine awepo. Nambari binafsi za wote zikaondolewa kwenye matangazo. Ubaoni pakaandikwa nambari ya zamu na chini yake 116, ambayo ni simu ya watoto ya taifa, haina malipo na hupokewa usiku na mchana. Msimamizi akapita mwenyewe kwa wazee wa mitaa na kwa walimu kueleza, kwa kuwa tangazo la ubaoni halimbadilishi mtu aliyezoea kumpigia "mama wa watoto" saa sita usiku. Mwezi wa kwanza watu walilalamika. Wa pili wakazoea.

Kundi la WhatsApp nalo lilibanwa. Humo haliandikwi jina la mtoto, mtaa, wala picha, ni nambari ya kesi na neno la hatua: "K-14, hospitali, leo." Na baada ya saa mbili usiku hakuna anayetuma kitu humo ila mwenye zamu.

Pesa ya nauli ilikuwa jambo dogo lenye maumivu makubwa. Mhudumu anayetoa pesa ya unga kumvusha mtoto hajui kama amefanya kazi, sadaka au ujinga, na mumewe nyumbani humkumbusha. Shirika liliweka masurufu tayari kwenye bahasha: nauli ya boti ya kwenda na kurudi kwa watu watatu, chakula cha siku moja, na kanga mbili safi kwa ajili ya mtoto. Anayeitumia huleta risiti au sahihi ya nahodha ndani ya siku tatu, bahasha inajazwa tena. Kanga ziliongezwa na Bi A mwenyewe.

Pa kulala pia palipatikana kabla hapajahitajika. Afisa wa watoto alikubaliana na shirika orodha ya mahali palipoidhinishwa pa kumpokea mtoto usiku, na sharti likaandikwa kwenye mkataba wa kujitolea: mtoto wa kesi halali nyumbani kwa mhudumu. Kwa mtu wa Pwani kumnyima mgeni malazi ni aibu. Ikiwa sharti limeandikwa na ofisi, aibu inabebwa na ofisi.

Mkutano wa dakika 45

Kila baada ya wiki mbili msimamizi hukaa na kila mhudumu peke yake kwa dakika 45. Hawakai ofisini. Walipata chumba cha shule Jumamosi, baada ya alasiri, chenye kuta za mawe na uwanja mtupu pande mbili. Dakika kumi za kwanza ni za mtu, haizungumzwi kesi. Ishirini ni za kesi mbili tu, zile nzito. Kumi ni za maamuzi, na tano za kufunga.

Maswali ni ya kawaida kabisa. Umelala saa ngapi wiki hii? Ni kesi gani inayokufuata nyumbani? Kuna mahali au mtu unayemkwepa? Na la mwisho: ni kitu gani hapa ungependa nikibebe mimi? Swali hilo la mwisho ndilo linalotofautisha msaada na mahojiano. Msimamizi akitoka kwenye chumba hana hata kazi moja aliyojiandikia, basi mkutano haukuwa na maana, hata kama walilia pamoja. Katika mkutano wa kwanza Bi A alisema, "Wazee wakija tena, sijui niwajibu nini." Msimamizi akaandika, na baada ya siku mbili akaja na jibu alilolithibitisha kwa upande wa mashtaka: kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 huendeshwa na Jamhuri, na uamuzi wa kuisimamisha hauko kwa familia wala kwa mhudumu. Kwa mtoto wa miaka kumi na moja au chini, sheria hiyo imeandika kifungo cha maisha, ndiyo maana ukoo unasukuma kwa nguvu zote.

Bi A akajifunza sentensi moja: "Wazee wangu, kesi ni ya Jamhuri. Hata nikitaka kuitoa, siwezi, haiko mkononi mwangu." Wazee walipokuja mara ya tatu aliwapa maji, akawaambia hivyo, wakainuka. Hawajarudi. Wiki kumi za kukosa usingizi zilikuwa na kitu ndani yake ambacho sentensi moja iliyo sahihi kisheria ilikitoa.

Vitisho vilivyokuja kwa simu, viwili, viliandikwa polisi na nambari ya OB ikawekwa kwenye faili. Hapandi boti ya Pate peke yake.

Katika dakika zile kumi za kwanza ndipo pia lilipotoka swali la dhamira. Msimamizi hakumwambia, "Ulifanya vizuri, usijilaumu." Maneno hayo hufunga mlango. Walichukua karatasi wakagawa: lililokuwa mkononi mwa Bi A, lililokuwa mkononi mwa wengine, na ambalo angelifanya tofauti. Upande wa kwanza: nguo za ushahidi, saa 72, polisi, vyote vilitimia. Upande wa pili: kuahirishwa kwa kesi, uoga wa mama. Wa tatu ulikuwa na jambo moja, kumlaza mtoto nyumbani, na hilo wakalikubali wazi bila kulipaka rangi. Mtu anayejua kosa lake ni moja, tena lina ukubwa unaojulikana, hupumua.

Shehe, mshauri na karatasi ya maswali

Kabla ya haya yote Bi A alikuwa amekwenda kusomewa na kunywa kombe, maji yaliyooshea maandishi ya Kurani. Yalimtuliza, na hakuna sababu ya kumwondoa huko. Aya ya mwisho ya sura ya Al-Baqara, kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, alikuwa ameambiwa na watu wengi kwa maana ya "vumilia". Shehe alimweleza kinyume: hukukalifishwa zaidi ya uwezo, basi usijikalifishe, chukua sehemu yako, waachie wengine zao. Neno lile lilimwingia kuliko la ofisi. Shirika likamwomba shehe huyo azungumze na wahudumu wote, mada iwe amana na sitara: kumsitiri mtoto ni kumlindia heshima yake, na kumfichia aliyemdhuru ni jambo jingine.

Lakini kiwewe kilikuwa bado kipo. Mwanzoni mwa Septemba alijaza karatasi ya maswali tisa ya huzuni na mawazo, inayotumika katika vituo vingi vya afya, yenye alama 0 hadi 27. Alipata 13. Kuanzia 10 mtu anafaa kuonwa na mtaalamu. Swali la tisa, linalouliza kuhusu mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa, likipata alama yoyote zaidi ya sifuri, mazungumzo hufanyika siku hiyo hiyo, hata jumla ikiwa ndogo. La Bi A lilikuwa sifuri. Karatasi hukaa kwa mtaalamu, haikai ofisini. Msimamizi huambiwa tu kama rufaa inahitajika. Mhudumu akihisi alama zake zitaamua kama ataendelea na kazi, atajibu uongo.

Rufaa ya hospitali aliikataa, kwa kuwa karani wa mapokezi ni mke wa binamu yake. Hilo si kisingizio, ndivyo kisiwa kilivyo. Alipata mshauri nasaha aliyeko Malindi, kwa simu, vikao sita vya dakika 50. Alikuwa akipokea simu katika chumba kile kile cha shule. Walishughulika na petroli taratibu: kwanza kukaa gatini mbali, dakika tano, huku akivuta pumzi kwa kuhesabu nne na kuitoa kwa kuhesabu sita, halafu karibu, halafu ndani ya boti iliyofungwa, halafu Mokowe na kurudi. Kwa asiye na mshauri karibu, nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo.

Na baada ya kesi nzito sasa kuna utaratibu kwa mhudumu mwenyewe. Siku ya kwanza anapelekewa chakula, anasindikizwa nyumbani, simu inachukuliwa na mwenzake. Halazimishwi kusimulia, ila akitaka anasikilizwa na mtu mmoja. Hapewi kesi nyingine nzito kwa siku tano. Anaulizwa hali siku ya tatu, ya kumi na nne na ya thelathini, na siku hizo huandikwa kwenye kalenda ya msimamizi hapo hapo, kwa sababu siku ya kumi na nne ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo huonyesha nani anaendelea kuzama.

Msimamizi naye ana mtu. Mara moja kwa mwezi huzungumza na msimamizi mwenzake wa Malindi asiyemjua yeyote kisiwani.

Hali ilivyokuwa Desemba

Alama 13 zimeshuka hadi 6. Analala saa sita, siku nyingine sita na nusu. Msichana wa miaka kumi na minne alitafutwa; Bi A akaenda kwao na kumwomba msamaha mbele ya mamake, na sasa kesi yake iko kwa mhudumu mwingine kwa hiari ya msichana mwenyewe. Kesi ya Pate imesikilizwa mashahidi wawili. Jirani bado haitikii salamu.

Bahasha ya masurufu ilikauka mwezi wa Novemba, kesi tatu za visiwani zilipofuatana ndani ya siku tisa, na mhudumu mmoja akatoa tena pesa za nyumbani kwake. Kwa hiyo bahasha sasa ni mbili, na ya pili haifunguliwi mpaka msimamizi ajulishwe kwamba ya kwanza imekwisha. Kanga za ndani yake hufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani kila baada ya safari. Kazi hiyo ameichukua Bi A, na hataki kuikabidhi.